Uliza Ujibiwe: Yorkie mwenye mabaka meupe katoka wapi?

Kamwene kwa wa Iringa, ndaga kwa wa Rungwe, na wengine wote habari za baridi. Mwezi huu meseji zimekuja nyingi kuhusu hawa mbwa wadogo wa nywele ndefu, Yorkshire teria, wengi tunawaita Yorkie tu, na karibu kila mtu anauliza rangi. Nimeanza na ya Kihesa, nimeipa nafasi kubwa maana imeniuma, watu wawili wameacha kusalimiana kwa sababu ya kitoto cha mbwa cha wiki tatu.

SWALI: Kamwene daktari. Mi nipo Kihesa hapa Iringa, nina jike wa Yorkie rangi ya kawaida ile nyeusi na kahawia, nikampandisha kwa dume wa jamaa yangu naye rangi hiyohiyo. Kazaa watoto wanne, watatu wako kama wazazi ila mmoja kaja na mabaka meupe, kifua cheupe, tumbo jeupe, miguu yote minne meupe mpaka juu na mgongoni kuna mabaka meusi yamekaa kama ramani. Tulikubaliana jamaa atachukua mtoto mmoja kama malipo ya dume, sasa amekataa kabisa, anasema jike wangu alipandwa na mbwa wa mtaani na mi nataka kumbambikia. Jike alikuwa ndani ya geti siku zote, isipokuwa siku moja dada wa kazi aliacha geti wazi kidogo alipoenda dukani. Naomba ukweli, hata kama mi ndo nimekosea nitakubali. – Msomaji, Kihesa

JIBU: Kamwene ndugu yangu, na pole. Kwanza nikuambie kitu ambacho jamaa yako huenda hakijui: Yorkie wawili wa rangi ya kawaida kabisa, wa ukoo safi, wanaweza kuzaa mtoto mwenye mabaka meupe bila mbwa yeyote wa mtaani kusogea hapo. Ilishatokea kwa wafugaji wakubwa, na imeandikwa.

Tarehe 20 Januari 1984, huko Hunsrück nchini Ujerumani, kwa wanandoa Werner na Gertrud Biewer waliokuwa wamefuga Yorkie miaka mingi, alizaliwa kitoto cha rangi tatu, nyeusi yenye ubuluu, nyeupe na dhahabu. Baba yake aliitwa Darling na mama yake Fru-Fru, wote Yorkie wa kawaida wasio na baka. Wakamwita Schneeflöckchen, yaani kama kusema kichembe cha theluji. Wangeweza kumficha, manake kwa mfugaji wa mbwa wa maonyesho mtoto wa namna hiyo ni aibu, wengi walikuwa wanawaondoa kimyakimya. Wao walimpenda, wakaanza kuzalisha kwa makusudi wenye rangi hiyo, na mwaka 1989 klabu moja ya mbwa hukohuko Ujerumani ikakubali vigezo vyao. Werner alifariki 1997. Leo mbwa hao wanaitwa Biewer, kwa jina la familia, na Marekani iliwatambua rasmi kama aina kamili inayojitegemea mwaka 2021.

Sasa inakuwaje? Chukua mfano wa selimundu ambao wengi tunaujua. Baba mzima, mama mzima, hakuna anayeumwa, lakini kila mmoja amebeba upande mmoja wa kinasaba bila kujua, mtoto akirithi pande zote mbili ndo ugonjwa unaonekana. Mabaka haya nayo yanatembea hivyohivyo, ingawa yenyewe sio ugonjwa. Kinasaba cha weupe kinaweza kulala kwenye ukoo vizazi na vizazi, mbwa wanazaliwa weusi na kahawia tu, mpaka siku wawili waliobeba wakutane. Wakikutana, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kutoka na mabaka. Wewe umepata mmoja katika wanne, ila usije ukadhani lazima hesabu itoke hivyo kila uzao, unaweza ukapata watatu au usipate hata mmoja.

Kuna jambo lingine jamaa yako inabidi alitafakari. Hata kama angekuwa mbwa wa mtaani kweli, mabaka mengi namna hiyo kwa kawaida yanataka pande mbili, kwahiyo jike wako mwenyewe karibu lazima awe amebeba kinasaba. Yaani weupe wenyewe hausemi chochote kuhusu uaminifu wa mtu yeyote. Mwangalieni jike wako na dume wake kifuani na kwenye ncha za vidole vya miguu, mbwa waliobeba upande mmoja wakati mwingine huwa na nywele chache nyeupe sehemu hizo. Mkizikuta kwa wote wawili, hiyo ni dalili nzuri, japo zisipokuwepo haimaanishi kwamba hawajabeba. Mwulize pia kama dume wake ameshawahi kupanda majike wengine na kama kuna aliyezaa mwenye baka.

Lakini umesema ukweli kuhusu geti na mi lazima niwe mkweli. Jike akiwa kwenye joto anaweza kupandwa na madume wawili tofauti ndani ya siku chache na uzao mmoja ukawa na baba wawili. Hilo lipo, sio hadithi. Rangi haiwezi kukuamulia, ila umbo litasema. Subirini wote wafike miezi mitatu, minne. Mtoto wa mbwa wa mtaani atawaacha wenzake mbali kwa uzito, miguu itarefuka, pua itakuwa ndefu, na nywele zitabaki fupi zimelala mwilini. Mtoto wa Yorkie, awe na baka asiwe na baka, atakuwa na nywele laini za hariri zinazorefuka bila kukoma kama za binadamu, na masikio madogo ya pembe tatu yatasimama. Kipimo cha vinasaba cha kuchukua mate shavuni na kutuma nje ya nchi kipo na kingemaliza ubishi, ila kina gharama na kwa mtoto mmoja wa mbwa sioni kama inafaa kuanza nacho.

Mi ningekuwa wewe ningemfuata huyo jamaa nyumbani, nisimpigie simu, nikamwambie haya uso kwa uso, na nikamwambie achukue mmoja wa wale watatu kama mlivyokubaliana na huyu wa mabaka abaki kwako. Usimsubiri yeye aanze. Na tafadhali usimuuze kwa jina la Biewer, manake Biewer sasa wana ukoo wao ulioandikwa kizazi kwa kizazi, wako ni Yorkie mwenye mabaka, na hilo halimpunguzii kitu chochote. Kwenye maonyesho asingepita, kule Marekani tangu 2007 Yorkie asiyekuwa na buluu (ile nyeusi ikishafifia) na kahawia anaondolewa uwanjani moja kwa moja, lakini sidhani kama ulimfuga akashindane.

SWALI: Shikamoo daktari. Mi ni mama wa watoto wawili naishi Uyole, binti yangu ana miaka 11 anataka sana mbwa mdogo. Kwenye grupu la WhatsApp kuna muuzaji wa Dar ameweka picha ya Biewer anataka milioni moja na laki nane, na mwingine wa madoadoa ya kijivu kama marumaru anamwita Yorkie "merle" anataka milioni mbili na nusu anasema ni adimu duniani hata Ulaya hawapo. Anataka nitume nusu kwa simu alafu anampakia kwenye basi la usiku asubuhi nampokea Uyole. Nimeshauza mahindi gunia kadhaa, hela ipo, ila moyo unasita. – Mama wawili, Uyole

JIBU: Marahaba mama. Moyo wako unasita vizuri, usiulazimishe.

Nianze na huyo wa marumaru. Rangi hiyo haipo kabisa kwenye ukoo wa Yorkie. Haijifichi vizazi na vizazi kama yale mabaka meupe niliyomwambia mwenzako wa Kihesa, hii mbwa akiwa nayo kwa kawaida inaonekana, kwahiyo ukiiona kwa anayeitwa Yorkie ujue mahali fulani nyuma alichanganywa na aina nyingine, mfano chiwawa. Mchanganyiko sio dhambi, mbwa chotara wengi wana afya nzuri tu, lakini anauziwa kama Yorkie safi kwa milioni mbili na nusu na huo ni uongo. Na kuna hatari yake. Wakipandishwa wawili wote wa marumaru, mtoto mmoja kati ya wanne anaweza kurithi pande zote mbili na hao wanazaliwa weupe weupe, wengi viziwi, wengine macho mabovu au vipofu kabisa. Mtu anayetafuta hela ya haraka hakuambii kama wazazi wote wawili walikuwa hivyo. Kwahiyo kama utamwona yeyote wa rangi hiyo, hata wa bure, piga makofi nyuma yake asikuone uangalie kama anageuka.

Huyo anayeitwa Biewer anaweza kuwa kweli, anaweza kuwa Yorkie mwenye mabaka, anaweza pia kuwa picha tu. Biewer wa kweli mkubwa ana kilo kama 1.8 mpaka 3.6, kichwani ana nyeusi, nyeupe na dhahabu zilizogawanyika vizuri kulia na kushoto, mgongoni nyeusi au buluu na nyeupe, na tumbo, kifua na miguu vyeupe. Ila kwa macho tu hata mimi siwezi kukuapia, kinachomtenganisha ni karatasi za ukoo. Mwambie muuzaji akupigie video kol, sio akutumie video, akupigie, umwone mtoto yuko na mama yake ananyonya au anacheza naye, na umwambie amgeuze umwone tumbo. Wengi wakisikia hivyo wanaanza visingizio, mara simu mbovu mara mama yuko kwa daktari, na hapo ndo unajua. Hela ya nusu usitume hata shilingi kabla ya hapo.

Sasa la basi, na hapa nakuomba unisikilize kama unavyomsikiliza mdogo wako. Dar mpaka Mbeya ni zaidi ya kilometa 800. Watoto wa aina hii ni wadogo sana, hawana akiba ya sukari mwilini, wakikaa masaa mengi bila kula na wakipata baridi na woga sukari inashuka ghafla. Anaanza kulegea, anayumba kama mlevi, anatetemeka, alafu anazimia. Niliwahi kuletewa mmoja kwenye boksi la sabuni, alisafiri usiku kucha chini ya basi kwenye mizigo, alifika anapumua kwa shida na hakumaliza nusu saa, na mama aliyemnunua alikuwa amesimama pale na mwanaye amebeba kikombe kipya cha mbwa. Sijamsahau yule mtoto, wa mbwa wala wa binadamu. Kama utanunua, mfuate mwenyewe au aletwe na mtu unayemjua akae naye mapajani, awe na wiki kumi na mbili sio chini, apewe chakula kidogo kila baada ya masaa matatu au manne, na uwe na asali au glukosi ya dukani. Akilegea unampaka kwenye fizi, usimmiminie mdomoni atapaliwa, alafu mbio kwa daktari wa mifugo hata kama ameamka.

Na kabla ya yote hayo mama yangu, uliza wazazi wana afya gani. Aina hii ina magoti yanayochomoka, koromeo linalolegea mpaka mbwa anakohoa kama bata, wengine wanazaliwa na mshipa unaopitisha damu pembeni ya ini isichujwe. Muuzaji anayejua rangi ya babu wa mbwa lakini hajui kama mama yake anachechemea, huyo mwache. Mtoto wa miaka 11 atampenda hata yule mweusi na kahawia wa kawaida kwa hela ndogo kuliko hiyo, na ile inayobaki ni chanjo na chakula cha muda mrefu.

SWALI: Daktari, Yorkie wangu alikuwa mweusi tii alivyokuja, sasa ana mwaka na miezi mitatu mgongo unakuwa kijivu na kichwa kinapauka. Anaumwa? – Kijana wa Tukuyu

JIBU: Haumwi. Yorkie wote wa kawaida wanazaliwa weusi na kahawia, alafu ile nyeusi inafifia polepole inakuwa buluu kama chuma na kahawia inakuwa dhahabu, wengine mpaka wafike miaka miwili au mitatu ndo wanatulia. Ukiona nywele zinakatika, ngozi inaonekana, au anajikuna usiku kucha, hapo ndo uje. Na umesema chini ya meseji yako kwamba anakula parachichi zinazodondoka uani, mzuie mapema, ile mbegu inamtosha kumkaba au kuziba utumbo wote.

SWALI: Huku Njombe mwezi wa sita na wa saba asubuhi majani yanakuwa na barafu. Yorkie wangu mwenye mabaka anatetemeka hata ndani. Mume wangu anasema mbwa ni mbwa ana manyoya. Tunaweza kumuwekea jiko la mkaa chumbani kwake? – Dada wa Njombe

JIBU: Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa, hapana dada, hapana kabisa. Moshi usioonekana unaua watu kila msimu wa baridi, na mwili wa kilo tatu unazidiwa haraka kuliko wako.

Mumeo ana haki kwa mbwa wengi lakini sio kwa huyu. Mbwa wetu wa kienyeji wana manyoya ya juu na mengine mafupi mazito chini yake yanayoshika joto. Yorkie na Biewer wana safu moja tu, zile nywele za hariri, chini yake ni ngozi moja kwa moja. Mshonee kisweta, ipo mikono hodari ya kufuma Njombe, hakikisha kwapani hakibani na umvue mara moja kwa siku umchane manake nywele zinajifunga mafundo chini ya sufu. Godoro lake liinuliwe lisiguse sementi. Usiku chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa kizito. Kuoga ni saa saba mchana kwenye jua, umkaushe mpaka mizizi ya nywele, sio juu juu. Na mkanda wa kumtembezea uwe wa kifuani, usimfunge shingoni, kwa lile koromeo niliyoandika hapo juu.

Chakula chake kwenye baridi kiongezwe kidogo. Ugali mtupu haumtoshi, changanya na usipa wa Kyela waliochemshwa bila chumvi nyingi au nyama, kitunguu usiweke hata kidogo.

SWALI: Nipo Vwawa, nina kaka na dada wa uzao mmoja wote wana mabaka meupe. Nataka niwapandishe wenyewe kwa wenyewe nipate weupe tupu niuze bei ya juu. Pia nina jike mwingine wa kilo moja na nusu, wateja wanawataka wadogo wa kuingia kwenye kikombe. Nishauri soko. – Mfugaji chipukizi

JIBU: Ndugu yangu, naelewa unatafuta riziki na sikulaumu, ila kwa hili siwezi kukushauri soko.

Kaka na dada usiwapandishe. Wakiwa wote wana mabaka, ni kweli watoto wote watatoka na mabaka, hesabu yako ya rangi iko sawa. Tatizo ni kwamba kama kinasaba cha mabaka kilijificha kwenye ukoo wao, vingine vimejificha pia, vya ini, vya magoti, vya meno, na kwa ndugu wa tumbo moja vinakutana kwa urahisi uleule rangi inavyokutana. Utapata rangi unayotaka kwenye mbwa ambaye mteja atamzika kabla ya mwaka, na Vwawa sio kubwa, watajuana. Tafuta dume wa ukoo mwingine kabisa, hata kama ni wa rangi ya kawaida. Kama dume huyo hajabeba kinasaba hicho, watoto wa kwanza hawatakuwa na mabaka lakini wote watakuwa wamebeba, na hapo una msingi wa kuanzia miaka inayokuja. Akina Biewer nao hawakuimaliza kazi yao kwa uzao mmoja.

Na ukipata mtoto anayezaliwa kijivu badala ya mweusi, wanaomwita wa buluu wa kuzaliwa, usimtangaze kama adimu. Hao mara nyingi ngozi inawasumbua, inakuwa ngumu na kuuma, nywele zinakatika, na wengi hawafiki mbali. Huyo ni mgonjwa, atunzwe, asizalishwe.

Huyo jike wa kilo moja na nusu ndo ananiondolea usingizi. Mbwa wa kikombe sio aina, ni neno la wauzaji tu. Vigezo vya Yorkie vinasema asizidi kilo 3.2, na wafugaji wenye busara wanazalisha majike walio karibu na hapo, sio walio chini kabisa. Nyonga yake ni nyembamba, mtoto akikwama atahitaji upasuaji, na watoto wa mbwa wanapenda kuja saa nane usiku. Jiulize huko Vwawa saa nane usiku nani atakufungulia chumba cha upasuaji, ana dawa ya usingizi inayopimika kwa kilo moja na nusu? Mi nipo Mbeya mjini na bado kuna usiku nimeshindwa. Mpeleke akafungwe kizazi akiwa mzima, ubaki nae au umpe bibi anayetaka mwenza wa kukaa nae sebuleni.

Hao wenye mabaka nao, kabla hujafikiria dume yeyote, wafike miaka miwili, bwana mifugo awashike magoti awasikilize na moyo, na wawe na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa iliyopigwa mhuri mwaka huu. Ukimaliza hayo niandikie tena, nitakusaidia kutafuta dume.